Anayeuza vifaranga vya samaki auze na maelezo ya maji

Mjukuu wangu ndiye aliyeniamsha. "Bibi, samaki wanapiga miayo." Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, masika ya mwaka jana, na maji ya bomba yalikuwa yamerudi usiku baada ya siku tatu za mgao. Kabla ya kulala nilichomeka mpira kwenye bomba la uani, nikauelekeza kwenye bwawa langu la turubai, nikafungua kidogo tu, maana usiku maji kwetu huja kwa nguvu ndogo. Nilipotoka nje nikakuta bwawa limejaa hadi ukingoni. Perege wangu, niliowalea miezi mitatu kwa pumba na dagaa wa kusaga, walikuwa juu ya maji wameachama midomo. Wengine walikuwa wamelala ubavu. Pampu ya hewa inanguruma, mapovu yanapanda kama kawaida, lakini samaki wanatweta.

Nikapiga magoti nichote mmoja kwa kiganja. Hapo ndipo harufu iliponipata.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Agosti 2015, kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, nilikuwa miongoni mwa waliopangiwa kambi ya kutibu wagonjwa. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kuchanganya klorini: asilimia 0.05 ya kunawia mikono, asilimia 0.2 ya sakafu na vitanda, asilimia 2 ya matapishi, vinyesi na miili ya marehemu. Unavaa glavu, unafunga barakoa, unakoroga kwa mti mrefu, na bado harufu inarudi nawe nyumbani. Sabuni haiiondoi. Miaka yote hiyo imepita na pua yangu haijaisahau. Asubuhi ile bwawa langu lilinuka kambi.

Niliokoa wachache. Kati ya perege 300 nilizika 211, na siku ya tano wakafa wengine 40, nitaeleza kwa nini. Nilipofungua mashavu ya mmoja nilijua jibu bila kwenda maabara. Kila mama anayenunua samaki sokoni hufungua shavu kwanza, akitafuta ule wekundu mbichi. Mashavu ya perege wangu yalikuwa yamepauka, kingo zake nyeupe kama ngozi ya kidole kilicholowa maji siku nzima, na juu yake ute mzito uliogandamana. Walikuwa wamebabuliwa hasa pale wanapovutia pumzi.

Kosa lilikuwa langu, na nalisema kwanza ili nieleweke katika yanayofuata. Siandiki kulalamika kwamba maji ya bomba yana klorini. Anayetaka klorini ipunguzwe ili samaki wake wapone, mimi sipo naye. Nimeshika mkono wa mtu mzima aliyeingia kambini saa nne asubuhi akitembea na kufikia jioni macho yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiibana haishuki. Kilichotukinga sisi wengine ni unga ule ule mweupe. Mji wa Lincoln, Uingereza, ulianza kutia klorini kwenye maji yake mwaka 1905 baada ya homa ya matumbo kuua watu, na toka hapo miji ikafuata mmoja baada ya mwingine. Maji ya Mto Ruvu yanayofika kwenye mabomba yetu hupita mashambani, machungani na vijijini. Wakati wa masika huja yakiwa rangi ya chai ya maziwa. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayachuja na kuyatia dawa, mamia ya mamilioni ya lita kila siku, ili mtoto wa Manzese anywe asiugue. Kazi hiyo iendelee, na isipunguzwe hata tone.

Ninalolidai ni jingine. Ufugaji wa samaki umeingia mijini. Zamani aliyefuga samaki alikuwa na shamba bondeni, amechimba bwawa la udongo, maji yanatoka mtoni. Leo tunafuga uani, kwenye turubai, kwenye matangi ya zege, hata kwenye simtanki lililokatwa juu, na maji yetu ni ya bomba au ya boza. Tumepewa hamasa, tumepewa semina za chakula na faida, tumeambiwa mita moja ya mraba inabeba samaki wangapi. Somo la klorini halikuwemo. Kijana aliyeniuzia vifaranga aliwafunga vizuri sana kwenye mfuko wenye hewa, akanieleza namna ya kuuacha mfuko uelee majini mpaka joto lilingane, kisha nilipomuuliza kuhusu maji akanijibu, "Mama, wewe laza maji siku moja tu, inatosha." Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi tangu siku ile. Si uongo mtupu, ila ni nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoua.

Niwape tarakimu, kwa sababu ndizo zilizonishtua. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, ili kijidudu kitakachoingia njiani kikutane na mlinzi. Wakati wa mlipuko wa kipindupindu kiwango hupandishwa: 0.5 kwenye mtandao wa mabomba, na boza linapojazwa hutakiwa kuwa na miligramu 2. Sasa sikilizeni upande wa samaki. Wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia mazingira umeweka kikomo cha miligramu 0.011 kwa lita kwa viumbe wanaoishi siku zote kwenye maji baridi. Kwa hiyo hata yale maji yenye klorini ya chini kabisa, ambayo ulimi wako hauwezi kuyatambua, yana karibu mara 18 ya kile anachovumilia samaki. Boza la siku za mlipuko ni zaidi ya mara 180.

Watu huniuliza: kama sisi tunakunywa na hatufi, samaki ana nini? Wodini kuna jibu lake. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine hawezi kuunganishwa na maji ya bomba hivi hivi. Kabla maji hayajafika kwenye mashine hupitishwa kwenye mapipa ya mkaa maalumu kuondoa klorini yote, kwa sababu pale maji na damu vimetenganishwa na utando mwembamba tu, na klorini ikivuka inapasua chembe nyekundu za damu. Mgonjwa huyo huyo akiwa na kiu anaweza kunywa glasi ya maji yenye klorini asidhurike, kwani mate na tumbo huimaliza nguvu kabla haijafika kokote. Shavu la samaki linafanana na ile mashine. Damu iko upande huu, maji upande ule, katikati utando usiozidi unene wa karatasi ya sigara, na maji yanapita hapo mchana na usiku. Klorini inaunguza utando, samaki anatoa ute kujikinga, ute unaziba njia ya hewa, anakufa kwa kukosa pumzi ndani ya maji yaliyojaa hewa. Ndiyo maana pampu yangu haikusaidia kitu.

Na wale 40 wa siku ya tano? Kwenye kichujio cha sponji mnaishi bakteria wema wanaokula amonia inayotokana na mkojo na kinyesi cha samaki. Klorini haichagui, kazi yake ni kuua vijidudu, na iliwaua hao pia. Amonia ikapanda kimyakimya, maji yakiwa meupe ya kupendeza macho, na waliopona pigo la kwanza wakaondoka na la pili. Mfugaji asiyejua atasema ni ugonjwa, atakimbilia dawa za kuua bakteria, na atazidi kuharibu.

Turudi kwenye kulaza maji. Baada ya msiba ule nilinunua kipimo cha klorini, kile cha vidonge kinachouzwa kwa wenye mabwawa ya kuogelea. Unachota maji kwenye kichupa, unatia kidonge, yakiwa na klorini yanageuka rangi ya waridi. Kadiri ilivyo nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Nilijaza simtanki langu jeusi, nikafunga mfuniko kama sote tufanyavyo, nikapima kila asubuhi. Siku ya kwanza waridi. Siku ya pili waridi. Siku ya tatu imepauka lakini bado waridi. Siku hiyo hiyo nilichota maji ya bomba nikayamimina kwenye diaba pana, nikaliweka juani toka saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni kichupa kilikuwa cheupe kabisa.

Tofauti ni jua na hewa. Klorini hutoka kwenye maji kwa kupaa na kwa kuvunjwa na mwanga. Ukiyafungia gizani ndani ya plastiki nyeusi yenye mfuniko, umeilinda klorini, na hilo ni zuri kwa maji ya kunywa, kwa sababu ndilo lengo lake. Kwa hiyo "laza maji" haina maana mpaka umwambie mtu alaze wapi: chombo kipana, wazi, juani, na kama una pampu ya hewa itie humo ichemke mapovu. Hata hivyo kipimo cha nyumbani hakioni viwango vidogo sana, basi yakishakuwa meupe mimi huyaacha usiku mmoja zaidi pampu ikiendelea. Kwa hesabu hiyo diaba la juani huchukua siku moja na usiku wake. Simtanki lililofungwa sina siku ninayoweza kuiahidi.

Kuna jirani yangu, mzee mmoja mwenye bwawa la udongo kule bondeni, ambaye hunibishia kila tukikutana. "Sista, mimi mwaka wa nne huu namwaga maji ya bomba moja kwa moja, hajafa hata mmoja." Simwiti mwongo. Bwawa lake ni la kijani, lina matope chini na mwani juu, na hivyo vyote huila klorini haraka kuliko samaki anavyoipata. Tena yeye huongeza ndoo chache kwenye bwawa lenye maelfu ya lita. Kinachomlinda ni uchafu wa bwawa lake, nami sina uchafu huo. Turubai langu nalisugua, maji yangu naona hadi chini. Ushauri wake ni sahihi kwake na ni sumu kwa mwenye tangi safi la zege. Hapa ndipo maneno ya mitaani yanapotuangusha, kila mmoja anasema alichokiona kwake na wote wanasema kweli.

Hata mwenye bwawa la kijani asijiamini sana. Klorini ikikutana na amonia huungana nayo kuwa kitu kiitwacho kloramini, kinachoua polepole zaidi na hakipai kirahisi kwa jua wala kwa mapovu. Ndiyo sababu maji hutayarishwa nje, kwenye chombo kisicho na samaki wala kinyesi chao, ndipo yaingizwe. Na yaingizwe kidogo kidogo, sehemu moja ya kumi ya bwawa kwa siku ikiwezekana.

Kwa asiyeweza kungoja jua, dawa ipo na si ya ajabu. Thiosalfeti ya sodiamu, fuwele nyeupe kama chumvi ya mawe. Wapiga picha wa zamani waliiita "hypo", walisafishia picha gizani. Sisi hospitalini tunaijua kama dawa ya mtu aliyepata sumu ya sayanidi. Gramu 7 zinamaliza klorini ya miligramu 1 kwa lita katika maji ya lita 1,000, papo hapo, na ikizidi kidogo haidhuru samaki. Ukiwa na mzani mdogo na kipimo cha vidonge huna haja ya kubahatisha. Vitamini C halisi ya unga nayo inafanya kazi, kama gramu 2.5 kwa kipimo hicho hicho. Nasisitiza ya unga halisi. Nimeona watu wakitumbukiza vile vidonge vya kutafuna vya ladha ya chungwa. Humo mna sukari na rangi, utalisha bakteria na kuchafua maji. Mkaa wa jikoni nao si ule mkaa ulioandaliwa kuchuja, usiutegemee.

Basi nani afanye nini? Kwanza muuzaji wa vifaranga. Duka la dawa haliruhusiwi kukupa vidonge bila kukwambia utumie mara ngapi kwa siku. Anayeuza kiumbe hai anayekufa kwa maji ya bomba ampe mnunuzi maelezo ya maji, kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwenye nusu karatasi. Gharama yake haifiki bei ya kifaranga kimoja. Na afisa uvuvi wa wilaya anayetembelea wafugaji abebe kipimo cha klorini kwenye mkoba wake kama mimi nilivyobeba kipimajoto miaka yote ya kazi. Ukimwonesha mtu kichupa kikigeuka waridi mbele ya macho yake, hutahitaji kumhubiria tena.

Pili, mamlaka za maji za miji yetu. Nimesema na narudia kwamba kiwango cha klorini ni juu yao kuamua na afya ya watu ndiyo ya kwanza. Lakini wana namba zetu za simu. Bili inatufikia kwa ujumbe kila mwezi, na matengenezo ya bomba kuu hutangazwa. Kiwango kinapopandishwa kwa sababu ya mvua, mlipuko au usafishaji wa mabomba, mstari mmoja ungetosha: wenye samaki wasitumie maji haya kabla ya kuyaondolea klorini. Ujumbe huo ungemsaidia pia anayeonja ladha mpya akadhani maji yameharibika, akayakwepa, akaenda kuchota kisimani. Nimewauguza watu waliofanya hivyo.

Na sisi wafugaji tuna wajibu wetu ndani ya nyumba, na huu ndio unaonikosesha usingizi kuliko perege. Maji yaliyoondolewa klorini hayana mlinzi tena. Mtoto akichovya kikombe kwenye diaba lile, anakunywa maji yaliyokaa wazi siku nzima, mkono mchafu umeingia, panya amepita. Nimetenga vyombo: simtanki lenye mfuniko ni la jikoni na kunywa, diaba la bluu ni la samaki, na kata ya huku haiendi kule. Mjukuu wangu ameliandika diaba kwa rangi nyeupe, herufi kubwa zisizolingana, MAJI YA SAMAKI USINYWE. Juu yake nafunika kipande cha chandarua, kwani mbu wa dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama kama hayo, na Dar es Salaam tuliuguzana dengi mwaka 2014 na tena 2019. Silazi maji zaidi ya siku mbili au tatu, na nikimaliza nasugua kingo zote, kwa maana mayai ya mbu huyo hunata pale juu kidogo ya maji.

Siku hizi kila asubuhi napima vichupa viwili, cha jikoni na cha diaba. Cha jikoni nataka kiwe waridi. Kikiwa cheupe natia dawa ya maji kabla mtu hajanywa. Cha diaba nataka kiwe cheupe, na kikiwa waridi mpira haufunguliwi.

Yule kijana wa vifaranga nilirudi kwake. Sikwenda kumgombeza, hakuna aliyemfundisha naye. Nilimpelekea kipimo changu, tukapima bomba la dukani kwake, akaona rangi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kuna wateja watatu waliomrudia wakidai vifaranga vyake vilikuwa vigonjwa na akawarudishia pesa. Niliandika nusu karatasi, mistari tisa, nikatoa nakala 50. Anaifunga kwa mpira pamoja na kila mfuko. Juzi alinipigia simu saa mbili usiku. "Mama, karatasi zimeisha. Na kuna mteja wa Kibaha anauliza, maji ya boza je?" Nikamwambia aandike mstari wa kumi.